Watoto wa Mzee: dawa ya miguu

Da Zuhura: Jamani salaam. Mzee usiku kaamka kwenda chooni kayumba nusura aanguke, anasema moyo unamwenda mbio. Ile dawa ya miguu kuwaka moto aliyopewa kliniki ya sukari ni amitriptilini, alianza na miligramu 10 usiku sasa wamempandishia mpaka 50

Da Zuhura: Tiki za bluu naziona. Jibuni

Juma: Moyo kwenda mbio ni Simba hiyo 😂😂

Mama Nasra: 😂😂 aje Yanga apone

Da Zuhura: Juma sio utani. Hiyo dawa inashusha presha mtu akisimama ghafla na inavuruga mapigo ya moyo, na moyo wa Mzee mnaujua tangu ile ya Tanga. Anatakiwa apimwe ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo

Mama Nasra: Si wambadilishie wampe pregabalini kama ya mama mkwe

Rehema: Ndo natoka zamu. Pregabalini nayo inaweza kuvimbisha miguu, mwenye moyo dhaifu anaangaliwa sana. Na msimkatishie dawa ghafla nyie wenyewe, daktari ndo apunguze. Kuna kingine anameza?

Da Zuhura: Tramadoli, ile ya maumivu. Hassani anamnunulia duka la dawa

Rehema: Mungu wangu. Hizo mbili pamoja zinaweza kuleta hadi degedege. Mpigieni daktari leo kabla hajameza za usiku. Akizimia au kifua kikibana msingoje asubuhi

Hassani: Mi ndo nalala na Mzee analia na miguu usiku kucha nyie mko wapi?? Mlivyouza kiwanja cha Chanika mlinikumbuka?

Da Zuhura: Usianze Chanika hapa

Juma: Chanika tena 🙈

Shangazi Mwanaidi: Anayeumwa ni kaka yangu sio kiwanja. Kesho apelekwe. Mwenye ugomvi aje kwangu agombane na mimi.

Hassani: Shikamoo shangazi. Nimekuelewa

Mama Nasra: Shikamoo shangazi 🙏

Da Zuhura: Daktari wa kliniki nampigia sasa hivi. Kesho saa 12 asubuhi tunatoka, Taasisi ya Moyo pale Muhimbili. Dawa zake zote kwenye mfuko, za dukani na za miti shamba pia, wazione. Gari la nani?

Juma: Langu gereji

Rehema: Nimetuma 30,000 kwa Da Zuhura

Da Zuhura: Ahsante mdogo wangu. Hassani kadi ya bima unayo wewe?

Da Zuhura: Hassani

Juma: Naweza kumuomba jirani gari ila mafuta nani anaweka