Mjadala: Mvuke wa Bonde la Ufa utumike kufyonza hewa ukaa ya matajiri?

Wadau, tangu kampuni ya Octavia Carbon ya Nairobi ijitose kwenye kazi ya kufyonza hewa ukaa (CO2, gesi inayoongeza joto duniani) na kuizika chini ya Bonde la Ufa, tumegawanyika. Kuna wanaosema ni utapeli wa kuwapa wachafuzi kisingizio, na kuna wanaosema Kenya imepata mgodi mpya. Naomba kwanza tuutazame mtambo wenyewe.

Feni huvuta hewa ipite kwenye vichujio vyenye kemikali inayonasa hewa ukaa. Vikishajaa, hufungiwa na kupashwa joto la nyuzi 80 hadi 100 hivi, gesi ikaachia na kukusanywa. Njia iliyopevuka Iceland ni kuiyeyusha kwenye maji na kuisukuma ndani ya miamba ya basalti, yaani mawe meusi ya volkano. Matokeo ya mradi wa Carbfix yaliyotoka 2016 yalionyesha zaidi ya asilimia 95 imegeuka mawe ndani ya miaka miwili. Basalti tunayo tele, kwa hiyo hofu kwamba gesi itafumuka kijijini kesho siioni kuwa na uzito.

Tatizo ni nishati. Hewani, hewa ukaa ni sehemu 4 tu katika kila 10,000. Kwenye bomba la moshi la kituo cha makaa ya mawe ni 12 hadi 15 katika kila 100. Kuisaka hewani ni kazi ghali mno. Mtambo wa Mammoth wa Iceland, uliofunguliwa 2024, uliundwa kufyonza tani 36,000 kwa mwaka, ilhali dunia hutoa zaidi ya tani bilioni 37 kwa kuchoma makaa, mafuta na gesi. Anayetuambia hii ndiyo dawa ya tabianchi anatudanganya.

Lakini msiikatae teknolojia nzima. Saruji, kwa mfano: mawe ya chokaa yakichomwa hutoa hewa ukaa yenyewe, hata ukitumia umeme wa jua. Kiwanda cha Brevik, Norwei, kilianza 2025 kunasa tani 400,000 kwa mwaka papo hapo kwenye bomba. Hapo sina ubishi.

Turudi kwenye mvuke wetu wa ardhini, unaozalisha umeme kule Olkaria, karibu na Naivasha. Jioni watu wakiwasha taa na kupika, gridi inahemea, na Rais Ruto mwenyewe amekiri kuna mgao wa umeme. Usiku wa manane matumizi yakishuka, mvuke huachiwa hewani bila kuzalisha chochote. Msimamo wangu ni huu: Octavia wapewe joto linalobaki na umeme wa usiku huo, basi. Umeme wa saa moja jioni ni wa mama anayesubiri taa. Mkenya wa kawaida hafikishi hata nusu tani ya hewa ukaa kwa mwaka, Mmarekani hutoa kama 14. Haiingii akilini sisi tukae gizani ili yeye anunue hati za kaboni, yaani vyeti vya kufidia uchafuzi wake.

Na maji je? Iceland hutumia tani 25 hivi za maji kuzika tani moja. Wenyeji wa Gilgil na Naivasha mnajua visima vyenu vilivyo. Wanaounga mkono mradi, nijibuni hili kwanza: maji hayo yatatoka wapi, na nani kati yenu ameuona mkataba wa mradi huu?