Nywele nyeusi zenye defrizanti: nyekundu gani itaonekana nikipaka nyumbani? (Bukavu)

Neema_Ibanda
Jambo wapendwa. Naomba ushauri mbele ya kutoa franga. Nataka kupaka nywele nyekundu mwenyewe, nyumbani. Ni nyeusi, zinafika mabegani, zilitiwa defrizanti (dawa ya kunyoosha nywele) wiki 5 zilizopita. Incha, kama sentimita 8, bado zina rangi nyeusi ya pakiti ya mwaka jana. Pale Nyawera kuna boksi tatu: 6.66 rouge intense (nyekundu kali), 5.5 acajou (nyekundu ya mbao) na 4.62 bordeaux (nyekundu ya divai). Picha ya 6.66 ndiyo imenivuta. Nichukue gani? Niko mtu wa ofisi, kichwa kisigeuke Feu Rouge, taa nyekundu ya barabarani.

Mama_Saluni
Dada Neema, picha ya mbele mwachie aliyepigwa. Geuza boksi. Nyuma au ubavuni kuna vishungi viwili viwili: nywele kabla, nywele baada. Kama kwenye "kabla" hakuna nyeusi kama yako, rangi hiyo itaingia na hutaiona.

Namba inasomeka hivi. Ya kwanza ni giza la nywele: 1 ni nyeusi tii, 10 ni njano iliyopauka kabisa. Baada ya nukta ndiyo rangi yenyewe, na ikirudiwa (.66) imekolezwa. Wewe uko kwenye 2 hivi. Oksidanti, ile dawa ya kuchanganya na rangi, ya volimu 20, yaani asilimia 6, inapandisha ngazi moja au mbili, basi. Kutoka 2 utafika 4. Kwa hiyo 6.66 haitatoka 6.66: mizizi itawaka, katikati patabaki kahawia, na watu watafikiri umeishiwa rangi.

5.5 kwako itatoka kama mbao ya libuyu iliyopigwa vernisi: ndani ya nyumba kahawia, juani nyekundu. 4.62 ni divai nzito, kivulini nyeusi kabisa. Kwa ofisi chukua 5.5. Bordeaux inakaa vizuri sana kwenye ngozi nyeusi, lakini kwa nywele zako utalipa pesa ya rangi inayoonekana saa sita mchana tu.

Usikate tamaa na nyekundu. Nywele nyeusi zikianza kufunguka, yaani kupungua weusi, wekundu ndio wa kwanza kutokea ndani yake. Wanaotaka njano ndio wenye kazi.

kinyozi_kadutu
Naongeza moja: namba hazifanani kwa viwanda vyote. Kwa L'Oréal, .6 ni nyekundu. Kwa Wella, nyekundu ni 4 na 6 ni zambarau. Usitoke na namba ya boksi moja ukanunulia ingine, soma jina.

Shida yako kubwa ni zile sentimita 8. Rangi haiondoi rangi. Uipake nyekundu yoyote juu ya ile nyeusi ya pakiti, itabaki nyeusi. Utakuwa na nywele nyekundu zenye mkia mweusi. Zikate, au uzikubali. Poda ya kupausha juu ya incha zenye defrizanti usiiguse: zitavutika kama uzi wa nailoni uliolowa, halafu zinakatika mkononi.

Yaya_Riziki
Kwa nini asipake hina tu? Ni majani, haina madawa.

Mama_Saluni
Yaya, hina safi ni nzuri, lakini haifungui nywele hata kidogo. Kwenye nyeusi inaleta mng'ao juani tu. Na nyingi za sokoni si majani matupu. "Hina nyeusi" mara nyingi imetiwa PPD, dawa ileile ya rangi za boksi inayowasha watu ngozi. Zingine zina chumvi za madini. Hizo zikikutana na oksidanti, nywele zinapata moto na kuungua. Aliyepaka hina asiyoijua asiweke rangi ya boksi juu yake. Apime kwanza kwenye nywele zilizobaki kwenye kitana.

Neema_Ibanda
Asanti. Incha nitakata. Basi nipeni namna ya kupaka, hatua kwa hatua.

kinyozi_kadutu
Saa 48 kabla, paka tone la rangi nyuma ya sikio, uiache vile karatasi ya boksi inavyosema. Ikiwasha, ikivimba au ikitoa vipele, acha kabisa, hata kama umeshalipa. Siku hiyohiyo jaribu kishungi: kata nywele chache za nyuma, karibu na shingo, zipake dakika 35, suuza, kausha, ziweke juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha. Rangi utakayoona pale ndiyo yako. Ya mbichi yenye povu isikudanganye.

Usioshe kichwa siku ya kupaka, mafuta ya ngozi yanakinga. Kama kuna kidonda au umejikuna sana, ahirisha. Paka vazelini kwenye paji, masikio na shingo. Bakuli iwe ya plastiki, si ya chuma. Na jaza maji mbele: bidoni moja ya lita 20 iwe pembeni. Bomba likikauka rangi ikiwa kichwani, utakuwa unaomba kwa majirani huku dakika zinapita.

Vipimo: tyubu ya ml 50 inachukua oksidanti ml 50 au ml 75, fuata karatasi. Nywele nzito za mabegani zinataka tyubu mbili, na kuishiwa katikati ndiko kunakoleta mabaka. Volimu 20, usipande juu. 30 juu ya defrizanti ni kutafuta kukatikiwa, na 10 haitafungua kitu.

Gawa kichwa mafungu manne. Anza katikati ya nywele, ukiacha sentimita 2 kutoka ngozi. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Mizizi yako ya wiki 5 haijaguswa na defrizanti, na joto la kichwa linaharakisha rangi. Ukianza nayo itatoka machungwa, na sehemu ingine itabaki kahawia. Basi: katikati kwanza, ngoja dakika 15, ndipo mizizi, dakika 20 tena. Jumla 35, isipokuwa karatasi iseme vingine. Suuza mpaka maji yawe meupe.

Dada_Nguba
Na mama mwenye mvi nusu kichwa, anaweza 5.5 hiyohiyo?

Mama_Saluni
Isiwe peke yake. Mvi zitatoka pinki. Achanganye nusu ya 5.5 na nusu ya 5.0, kahawia isiyo na wekundu, ya kiwanda kilekile.

Mama_Saluni
Neema, cha baada: usiguse shampoo kwa siku 3. Halafu osha mara moja kwa wiki, maji ya baridi, shampoo isiyo na salfeti. Nyekundu ndiyo inayokimbia mbele ya zote, na nywele za defrizanti zina matundu, zinainywa haraka na kuitema haraka. Wiki mbili za kwanza inatoka hata kwa jasho. Mvua ikikushika umevaa blauzi nyeupe ya misa, kola itakwenda pinki, kwa hiyo kitambaa cheusi kisikose kwenye mkoba. Mto nao uvishe kitenge cha zamani. Defrizanti ingine isije chini ya wiki 2 baada ya rangi. Ukiweza ngoja zaidi.

Neema_Ibanda
Na tyubu ya pili ikibaki nusu?

kinyozi_kadutu
Ambayo haijachanganywa, funga vizuri uihifadhi. Iliyochanganywa mwaga palepale: inaendelea kutoa gesi, na ukiifungia ndani ya chupa itapasuka kabatini.