Mrejesho: kampuni yetu ya kuzuia satelaiti zisigongane

Wakuu, nimerudi. Mwezi wa tatu niliuliza nifanyeje ili wawekezaji wa mwanzo waielewe kampuni yetu changa ya Nairobi, inayowaonya wenye satelaiti ndogo kabla hazijagongwa na mabaki ya angani.

Kilichofanya kazi ni kutupa zile slaidi 30 na kuanza na kitu wanachokijua. Nilifungua na picha ya ile pete ya chuma, kilo 500 hivi, iliyoanguka kutoka angani kijijini Mukuku, Makueni, Desemba 30, 2024. Mama mmoja akaweka simu yake chini. Ndiye aliyetoa hela. Si nyingi, lakini mwaka tutaumaliza.

Ushauri wa kuanzia kwa kampuni za bima ulikwama. Tatu zilitusikiliza, hakuna iliyopiga simu tena.

Na mlionionya kuhusu data za bure za mizunguko, yaani njia ambazo satelaiti na mabaki hupita kuizunguka Dunia, nimekoma. Zinaweza kukosea kilomita nzima au zaidi, kwa hiyo mfumo ulitoa tahadhari za uongo usiku kucha, mteja wa kwanza akitazama. Aibu niliyoipata! Sasa tunamwomba mteja vipimo vya GPS vya satelaiti yake mwenyewe, na tahadhari hizo za uongo zimepungua sana.

Asanteni, hasa ndugu aliyezipitia hesabu zangu bila kudai senti.