Mrejesho: nilichukua kamera ya kukunja

Wakubwa, niliwauliza ninunue ipi kati ya kamera ya reli (sehemu zake hukaa juu ya fimbo ndefu) na ya kukunja, zote za filamu ya inchi 4 kwa 5. Nilichukua ya kukunja. Hapa Goma, kupanda mawe ya volkano na reli begani? Hapana. Kweli mvukuto wake, ile sehemu ya mikunjo kati ya lenzi na filamu, ni mfupi, picha za karibu sana zinanishinda.

Jumamosi nilimsimamisha mzee mmoja na chukudu yake, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Chini ya kitambaa cheusi namwona kichwa chini, miguu juu. Nimelenga vizuri, naingiza filamu, yeye kasogea kumsalimia jirani! Ukungu mtupu. Filamu ya pili nikavuta kifuniko chake cha kuzuia mwanga kabla ya kufunga lenzi, ikaharibiwa na mwanga. Kishikio cha filamu kinabeba mbili tu, basi zikaisha. Mzee akacheka, akaenda na viazi vyake.