Hivi yule fundi wa hita za mabwawa hapa Karatu, nani alimpa bisibisi?

Wakuu heshima kwenu, ila leo salamu ni fupi maana mikono inatetemeka.

Simtaji. Wa Karatu mnamjua, wa Mto wa Mbu mnamjua, na wenye lodge njia ya kwenda geti la Ngorongoro mnamjua kuliko mnavyowajua wakwe zenu. Yule mwenye begi kubwa lenye bisibisi moja.

Hita yangu ya gesi ya bwawa imegoma kuwaka. Mwezi wa 7 huu, Karatu hii, jioni mbwa wenyewe wanaomba blanketi. Nina wageni wawili, wazee wa Kijerumani, wameshinda kreta tangu alfajiri, wanarudi na vumbi hadi kwenye kope. Kitu pekee walichoulizia tangu wanabuku ni bwawa la maji ya moto. Hawakuulizia chakula, hawakuulizia simba. Bwawa.

Nabonyeza hita, feni inazunguka, tik tik tik tik, kimya, taa nyekundu. Nasubiri, narudia, tik tik tik, kimya, taa nyekundu. Nampigia. "Nipo njiani bosi." Wakuu, fundi akikwambia yupo njiani ujue yupo kitandani anatafuta soksi. Katokea jua linazama.

Hakuuliza kama pampu inasukuma maji. Filta hakuigusa. Kafungua kava, kamulika kwa tochi ya simu, simu ikazima, mtu mzima na ndevu zake akawasha KIBERITI kuchungulia ndani ya mashine ya gesi! Mimi huyo, hadi jikoni, na mpishi nikamkuta keshatangulia nje. Niliporudi kashika mtungi, anatikisa kichwa, anasema "huu umeshikwa na baridi", akachukua shuka la mlinzi akaufunika. Mtungi wa gesi, kafunikwa shuka kama mtoto mwenye malaria.

Hayo yote nilivumilia. Sasa sikilizeni.

Yule bibi wa Kijerumani kaja na taulo begani, anauliza kwa upole kama maji yatapata moto. Dereva wao anatafsiri. Na yule kiumbe, bila hata kugeuka, bisibisi iko mdomoni, anasema: "Mwambie bibi aingie tu, maji baridi yanakaza ngozi."

Na dereva KATAFSIRI. Neno kwa neno.

Kimya. Bibi kautazama mkono wake. Kaivuta ile ngozi ya kiwiko, kaiachia, akaingoja irudi. Halafu kaniangalia mimi. Mimi! Kana kwamba nimemwajiri mtu kwa kazi maalumu ya kumkumbusha umri wake. Kajifunga taulo vizuri, kaenda chumbani, supu hakuja kuinywa.

Yanakaza ngozi!! Kapanda ndege kutoka Ujerumani aje akazwe ngozi Karatu!

Jamaa akafunga begi: "Hapo bosi ni 80,000, ya kuangalia." Ya kuangalia nini, ngozi?

Nimemaliza. Mtukaneni kwa niaba yangu, mimi nina leseni ya biashara.

Kisamvu Kikavu: Bila picha ya kiwiko hii ni chai.

Konda wa Zamani: Nimecheka kwenye daladala hadi jirani yangu kahama siti. Ila dereva naye ana kesi ya kujibu. Kuna vitu havitafsiriwi.

Mwana Lodge (mleta uzi): Huyo dereva nitamfungulia uzi wake. Eti "nilidhani ni ushauri wa kitaalamu".

Mama Nne: Lakini si kweli maji baridi yanakaza ngozi? Mimi nanawa kila asubuhi. Huyo fundi anitafute.

Fundi Asiye na Gari: Mleta mada pole, tuweke utani pembeni kidogo. Ikitoa cheche tik tik na moto usiwake kabisa, gesi haifiki, au inafika kidogo. Ingekuwa inawaka halafu inazima baada ya sekunde chache ningesema sensa ya moto ina masizi. Na kama filta imejaa uchafu maji hayapiti vizuri, swichi ya presha ya maji inakataa, hiyo tik tik yenyewe usingeisikia. Mtungi wako kilo ngapi?

Mwana Lodge: Mkuu sikuja kutafuta tiba, nimekuja kutoa povu. Kilo 15.

Fundi Asiye na Gari: KUMI NA TANO? Hita imeandikwa BTU ngapi, yaani nguvu yake ya kupasha kwa saa?

Mwana Lodge: Ubavuni imeandikwa 250,000.

Kisamvu Kikavu: Hahahahaha anapasha bwawa kwa mtungi wa kukaangia chipsi.

Konda wa Zamani: Mkuu hapo hata chai ya wageni kumi haichemki. Fundi aachiliwe huru.

Fundi Asiye na Gari: Hita ya ukubwa huo ikifunguka yote inakula zaidi ya kilo 5 kwa saa. Mtungi wa 15 saa tatu hautoboi, na kabla haujaisha utaanza kuvaa weupe kwa nje. Gesi mle ndani ni ya majimaji, ili igeuke hewa lazima ivute joto kutoka kwenye chuma. Ukiivuta kwa kasi, chuma kinaganda, presha inashuka, hita inajaribu mara kadhaa halafu inajifunga yenyewe. Na hilo shuka ndilo limemalizia kazi, maana joto la nje lilikuwa ndiyo msaada pekee uliobaki, likazibiwa njia. Nina uhakika hata regyuleta, kile kichwa cha kupunguza presha ya gesi, ni ya jiko. Ile inapitisha kilo moja na nusu hivi kwa saa, kwa hiyo hata ungeweka mtungi mkubwa bado ungekwama.

Mwana Lodge: Ulikuwa mweupe! Ulikuwa na barafu kama ya friza! Sasa sikieni: nilikuwa na mitungi ya kilo 38, miwili, imefungwa mnyororo ukutani. Mwezi wa 5, masika, hakuna mgeni, ni YEYE aliyeihamishia jikoni akafunga huu mdogo. Nikamuuliza utatosha? Akanijibu "gesi ni gesi bosi." Halafu leo ananiambia mtungi umeshikwa na baridi! Halafu anamwambia mgeni wangu ngozi!

Mama Nne: Turudi kwenye ngozi. Alisema aingie kwa dakika ngapi?

Bibi Harusi Mstaafu: Kiberiti mmekipita haraka sana. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala chini, na hita nyingi ziko kwenye shimo la mashine. Shemeji yangu aliwasha hivyo hivyo, sasa hivi nyusi anachora kwa wanja. Ukisikia harufu funga koki, fungua hewa, kaa mbali, hata swichi ya taa usiguse.

Kisamvu Kikavu: Shemeji anachora nyusi aina gani? Tuanzie hapo.

Nyuki wa Rhotia: Mimi yangu ilizingua vilevile mvua zilipokata. Fundi huyohuyo (namjua kwa hilo begi) akaniuzia kiwashio kipya, akakishika kwa vidole vyenye grisi, kikapasuka kabla ya wiki kuisha. Kumbe nyigu alijenga udongo kwenye tundu la gesi. Kijana wa bustani ndiye alitoa kwa waya mwembamba na brashi. Kiwashio nimelipia, nyigu nimelipia.

Mbeba Maboksi: Mnalia nini, huku Houston Marekani kuna kijana alikuja na gari lina ngazi juu, kompyuta mkononi, akagundua digrii zilizosetiwa zilikuwa chini ya joto la maji yaliyomo bwawani, kwa hiyo hita haikuwa na sababu ya kuwaka. Akabonyeza kitufe juu mara mbili. Dola 150.

Konda wa Zamani: Hakuna uzi humu utakaopita bila Houston. Na bwawa ni la kwako au unalifagia?

Mbeba Maboksi: Wivu.

Mwana Lodge: Jamani. Bibi wa watu anaondoka kesho saa 12 asubuhi. Nimwambie nini?

Mama Nne: Mwambie ngozi imekaza.

Fundi Asiye na Gari: Rudisha zile za 38, zote mbili kwa pamoja, na regyuleta kubwa. Zima hita na funga koki kwanza, acha ikae, ndipo ufungue na kuwasha. Lakini bwawa zima halipati moto kwa usiku mmoja, usimdanganye mtu.

Bibi Harusi Mstaafu: Mafundi wa hita afadhali, wanakuja. Mimi nina fundi cherehani, wa Sinza mnamjua, anayejibu simu kwa sauti ya mke wake.

Nyuki wa Rhotia: Yule mwenye kibao "Siku Mbili Tu"?

Bibi Harusi Mstaafu: Huyohuyo! Gauni la send-off alinipa siku ya harusi, la harusi alinipa mtoto ameanza kutambaa.

Kisamvu Kikavu: Usimseme vibaya, mimi nimeonana na kitambaa changu. Kakivaa yeye, kanisani, kakaa mstari wa mbele.

Konda wa Zamani: Kilimtosha?

Kisamvu Kikavu: Ndiyo kinachoniuma, kimemkaa vizuri kuliko mimi. Na kama kuna mtu humu ana namba yake mpya aniwekee PM, nina suruali yangu ya kaki pale tangu Pasaka.

Mama Nne: Ya kaki yenye mifuko ya pembeni? Mume wangu kaja nayo jana, anasema kauziwa pale pale.