MGB GT la 1969 kutoka Coventry hadi Fort William: nibebe spea gani?

Kijana_wa_Chumbageni

Wakuu habari za jioni, na wakubwa wote shikamooni.

Niko Coventry. Mwezi wa tatu nilinunua MGB GT la mwaka 1969, gari la michezo la Kiingereza, kijani iliyokolea, ringi za spoku, ovadraivu (gia ya ziada ya kupunguza mizunguko ya injini) ipo. Aliyeniuzia ni mzee wa Kiingereza aliyekuwa nalo tangu ujana wake, kaniachia na boksi zima la risiti. Bodi ni nzima. Nimepita na sumaku chini ya milango kote, inanasa, hakuna pati ya kuzibia kutu iliyofichwa. Injini inawaka vizuri.

Mwezi wa saba mimi na mke wangu tunataka kwenda nalo Fort William, Uskoti. Tunapanda M6 yote, tunavuka Glasgow, halafu A82 kando ya Loch Lomond, Glencoe, tunafika. Karibu maili 400 kwenda tu. Hadi sasa nimelitembeza kazini na sokoni basi.

Maswali yangu: nibebe spea gani? Kwenye orodha nina pampu ya maji, alteneta, pampu ya mafuta, stata, na kabureta moja ya akiba. Mke wangu ameuliza nguo zake zitakaa wapi. Pili, nimeagiza kifuniko cha distribyuta (inayogawa umeme wa plagi), pamoja na rota, pointi na kondensa zake, vyote vipya, nivifunge usiku wa kuamkia safari ili nitoke na uhakika. Tatu, betri ni mbili za volti 6, ziko chini ya kiti cha nyuma. Nizibakize hivyo?

Mpenda_Treni_Luton

Kaka, maili 400 na gari la umri wa babu? Treni inafika Fort William kabisa, inapita katikati ya Rannoch ambako hata barabara haipiti. Utaona milima yote ukiwa na chai mkononi. Nasema kwa upendo.

Mzee_wa_Ngamiani

Marahaba kijana wangu. Huyo wa Luton msamehe, hajawahi kusikia kabureta mbili za SU zikivuta hewa kwa pamoja.

Mimi niko Leicester, na MGB ninalo, lile la turubai. Lakini injini yako niliijua kabla sijaliona gari lenyewe. Hiyo B-series ya cc 1,798 ni ndugu wa tumbo moja na ile iliyokuwa kwenye Morris Oxford na Austin Cambridge, na mimi nilijifunza kushika spana Tanga, Ngamiani, chini ya Morris Oxford. Nilipokuja huku nikafunguliwa boneti ya MGB, nilichoshangaa ni kabureta kuwa mbili tu. Kwa hiyo usiogope. Kiwanda cha MG cha Abingdon walilitengeneza gari hili toka 1962 hadi 1980, zaidi ya nusu milioni, na spea zake leo ni rahisi kupata kuliko za gari la miaka kumi na tano iliyopita.

Sasa hiyo ya distribyuta. Usithubutu kufunga vitu vipya usiku wa kuamkia safari! Rota na kondensa zilizomo sasa zimeshakwenda na gari na kurudi nalo. Hizo ulizoagiza hazijakwenda popote. Rota nyingi za siku hizi zina ribiti inayoshika bati juu ya plastiki; umeme wa koili (inayokuza umeme wa plagi) ukipata mwanya unapenya hapo kwenye ribiti, unashuka kwenye shafti, na gari linakufa bila hata kukohoa. Kondensa ndiyo mbaya zaidi. Ikiwa baridi ni nzima, ikishapikwa na joto la injini inaachia. Unakaa pembeni ya barabara, inapoa, gari linawaka, unamshukuru Mungu, halafu maili kumi mbele linazima tena. Wewe funga vipya leo, tembea navyo kazini wiki kadhaa. Vikivumilia, viache. Vya zamani usivitupe: vifunge kwenye kitambaa, tia kwenye kiboksi cha dashibodi. Hizo ndizo spea zako, kwa sababu ndizo unazozijua. Wiki ya mwisho kabla ya safari, kinachofanya kazi kisiguswe.

Orodha yako ni ya mtu anayekwenda kufungua duka. Alteneta ya nini? Ikifa mchana, zima hita na redio, betri nzima itakufikisha mjini, maana gari hili linataka umeme wa koili na wa pampu tu. Beba mkanda wa feni, koili moja, pointi na fila, yaani kipimo cha mwanya wake (inchi 0.015), fyuzi, mita chache za waya, mpira wa mafuta na klipu zake, mpira wa rejeta wa juu na wa chini, maji, na oili ya 20W-50. Na spana za inchi! Nati za gari hili ni 7/16, nusu, 9/16. Ukienda na seti ya milimita utavua vichwa vya boliti halafu umlaumu Mwingereza.

Pampu ya mafuta iko chini ya gari, mbele ya tairi la nyuma la kulia. Ukifungua swichi isikilize: tik-tik-tik ya haraka, inapungua, inanyamaza. Hapo kabureta zimejaa. Ikiendelea bila kunyamaza, ama tanki ni kavu, ama inavuta hewa, ama kuna mahali mafuta yanamwagika, basi shuka utazame kabla hujapiga stata. Ikiwa kimya kabisa, pointi zake zimeganda. Chukua mpini wa nyundo uigonge taratibu ubavuni, mara nyingi inaamka. Ikishaamka kwa namna hiyo imekuaga, inunulie mwenzake.

Waingereza wana mzaha wao kwamba Lucas, aliyetengeneza vifaa vya umeme vya magari haya, ndiye mfalme wa giza. Mimi namtetea. Nyaya zake ukizikuta hazijachezewa ni nzuri. Shida ni viungo vilivyooza na athi iliyofungwa juu ya rangi. Fungua kila athi, kwangua hadi chuma kiwe cheupe, paka vaselini, rudisha. Jioni moja inatosha.

Betri mbili toa, weka moja ya volti 12 inayokaa kwenye kisanduku kimojawapo. Kile kingine weka vifaa vyako, nguo za shemeji zipate nafasi.

Sasa miguu ya mbele, nakuomba usipitie juu juu hapa. MGB lina kingpini (pini ambayo gurudumu la mbele linageukia unapokata kona), na kingpini inakula grisi. Kitabu kinasema kila maili 3,000. Usiitie grisi gari likiwa limesimama kwa miguu yake: uzito unabana upande mmoja na grisi haipiti. Piga jeki, tairi lining'inie, weka stendi. Futa tundu za grisi, ziko tatu kila upande. Pampu huku unamwambia mtu azungushe usukani kulia na kushoto, mpaka uone grisi chafu nyeusi inatoka kwenye maungio na nyuma yake inafuata safi. Tundu isipopokea, ifungue ubadilishe, ni kitu cha senti. Watu wengi wanaishia kwenye tundu mbili za chini kwa sababu ya juu inakera kuifikia, halafu mwaka unaofuata usukani mzito wanalaumu matairi.

Ringi za spoku: nati ya katikati yenye masikio inafunguka kwa kuzungushwa kule tairi linakozunguka gari likienda mbele, kulia na kushoto sawa. Igonge kwa nyundo ya shaba, siyo ya chuma. Ukishalirudisha gurudumu, tembea maili chache, simama, gonga tena. Na meno ya ndani ya ringi paka grisi. Yakikauka yanalika, siku moja unaachia klachi unasikia "tak".

Klachi nayo. Beringi yake siyo ya gololi, ni pete ya kaboni. Kwenye taa weka nyutro, toa mguu. Kubadili klachi ya MGB ni kutoa injini nje, na hutaki hiyo.

Barabara kuu: bila ovadraivu, maili 70 kwa saa injini inazunguka karibu 3,900. Ukiiweka inashuka kama 3,200, na hapo hata kuongea mnaweza. Lakini mimi M6 natembea 60, nyuma ya lori lenye adabu. Mafuta tia super, ile ya E5. Tangu 2021 ya kawaida hapa ni E10, yenye spiriti (ethanoli) nyingi zaidi, na spiriti hiyo inakula mipira ya zamani.

Bi_Swafiya_Cardiff

Mzee kamaliza, ila kasahau kwamba ndani ya gari kuna binadamu wa pili.

Mimi nina Triumph Spitfire 1500, limeundwa huko huko kwenu Coventry, Canley. Nimetoka nalo Cardiff hadi Oban, mume wangu akinung'unika njia nzima. Nakuambia mdogo wangu: hakikisha waipa na hita zinafanya kazi kuliko unavyohakikisha injini. Glencoe mwezi wa saba mvua inanyesha kwa pembe nne. Na mshono wa mlango ukivuja, maji yanamshukia abiria gotini, hayamshukii dereva. Weka taulo.

Jingine ni visubi. Ukisimama jioni huko milimani ufungue boneti, watakula mpaka kope. Beba neti ya kichwa mbili, moja yako na moja ya anayekushikia tochi.

Bima chukua ile ya thamani ya makubaliano (mnayokubaliana mapema na kampuni), yenye kuvutwa mpaka nyumbani. Soma vizuri kama inahusu nyumbani au "gereji ya karibu". Kodi ya barabara kwa gari la zaidi ya miaka 40 hulipi, lakini lazima uisajili kila mwaka. MOT, ule ukaguzi wa gari wa kila mwaka, nayo umesamehewa ikiwa gari halijabadilishwa sana. Mimi langu nalipeleka hivyo hivyo, jicho la pili chini ya gari halina hasara. Glasgow katikati kuna eneo la hewa safi tangu 2023, magari ya kihistoria yameruhusiwa, usihangaike.

Kijana_wa_Chumbageni

Asanteni sana. Dada Swafiya, mke wangu amesoma ujumbe wako kwa sauti mara mbili.

Mzee, jana nilikwenda Abingdon na kurudi, nikasema nilipime. Karibu na Banbury, barabara tambarare, nimeachia mafuta kidogo, likakata. Halikukohoa wala kumisi. Mshale wa mizunguko ya injini ukaanguka kwenye sifuri wakati gari bado linakwenda kwenye gia. Nikajivuta pembeni, nikapiga ufunguo, likawaka mara moja. Maili mbele likarudia vile vile. Nikilikanyaga kwa nguvu halizimi, na likisimama linanguruma bila shida. Kondensa bado ni ile ya zamani. Nimwage mafuta yote nisafishe tanki?

Mzee_wa_Ngamiani

Tanki liache. Umeshajibu mwenyewe, kijana wangu. Mafuta yakikatika gari linakohoa, linavutavuta, linakufa polepole. Likikata kama mtu kazima swichi, huo ni umeme. Na mshale ukianguka sifuri injini ikiwa bado inazungushwa na magurudumu, basi umeme mdogo wa koili, ule wa betri unaoilisha, umepotea: swichi, waya, au ndani ya distribyuta.

Kwa hiyo ya kuzima ukiachia mafuta na kuwaka ukisimama, mimi ningefungua kifuniko kabla ya kugusa kitu kingine. Ndani kuna kiwaya kifupi kinachotoka ubavuni kwenda kwenye pointi. Ukienda mwendo wa utulivu, hewa ya kabureta inavuta sahani ya pointi izunguke kidogo, na kiwaya kinavutika nayo. Ukisimama, sahani inarudi. Miaka hamsini ya kuvutwa na kurudi, nyuzi za ndani zimekatika, ganda la nje bado zima. Kwa macho huoni kitu. Kishike kwa vidole viwili ukipinde taratibu: kikilegea mahali kama hakina mfupa, umempata. Hakimo kwenye orodha ya spea ya mtu yeyote.

Kijana_wa_Chumbageni

Mzee! Kimelegea katikati kabisa. Nimekivuta kidogo, kikakatika mkononi na ganda lake. Nichukue waya wowote niunge?

Mzee_wa_Ngamiani

Siyo wowote. Waya wa kawaida ni mgumu, utakatika tena kabla hujafika Penrith. Kuna ule laini wa nyuzi nyingi nyembamba, unauzwa tayari na vichwa vyake, chini ya bei ya chai na mkate. Nunua viwili. Ukifunga, zungusha sahani kwa kidole mwanzo hadi mwisho uhakikishe kiwaya hakigusi shafti wala hakikazi. Halafu rudi Banbury njia ile ile, mwendo ule ule.

Na siku ya safari, kabla ya kushuka Shap kule M6 inakopita futi elfu moja, simama Tebay, kituo cha mapumziko cha barabarani. Kabla ya chai, zunguka gari uguse katikati ya kila gurudumu kwa kiganja. Yote yawe na uvuguvugu unaolingana. Moja likikuchoma wakati mengine hayachomi, breki inashika au beringi inakwisha, na Tebay pana nafasi ya kupiga jeki kuliko Glencoe.