Kwa nini klorini hutoka kwenye anodi badala ya oksijeni?

Swali
Ndugu zangu, naomba ufafanuzi kuhusu elektrolisisi (kuchanganua kemikali kwa umeme) ya maji ya chumvi. Katika orodha tuliyofundishwa, ioni (chembe zenye chaji ya umeme) za haidroksidi, zitokazo kwenye maji na kutoa oksijeni, hutangulia zile za kloridi kupoteza elektroni. Hata hivyo, tulipopitisha umeme katika maji yenye chumvi nyingi kwa vijiti vya grafiti, litmasi (karatasi ya kupimia asidi) ya buluu iliyoloweshwa na kushikwa juu ya anodi, yaani kijiti cha upande chanya, iligeuka nyekundu, kisha ikawa nyeupe, dalili ya klorini. Je, orodha ile ina makosa?

Jibu
Orodha ni sahihi, ila haitoshi. Katika vipimo vya kawaida maji hutoa oksijeni kwenye volti 1.23, na kloridi hutoa klorini kwenye volti 1.36, tofauti hiyo ni ndogo mno, na hali ya mmumunyo huweza kuipindua. Chumvi ikiwa nyingi, kloridi huizingira anodi, na zaidi ya hapo oksijeni huhitaji volti kubwa ya ziada ili itoke kwenye grafiti, ndiyo maana klorini hutangulia. Zimua sana mmumunyo huo na oksijeni itaongezeka. Kwenye kathodi, yaani kijiti cha upande hasi, hakuna ubishi: sodiamu iko kwenye volti −2.71, mbali mno chini ya maji, hivyo hutoka hidrojeni. Tafadhali fungueni madirisha, kwani klorini ni sumu.

Jibu
Naongezea kwamba kabla ya kutazama ioni, ni lazima kuuliza anodi yenyewe ni ya kitu gani. Katika salfeti ya shaba, anodi ya grafiti hutoa oksijeni, rangi ya buluu hufifia na mmumunyo huwa asidi. Lakini anodi ikiwa ya shaba, yenyewe ndiyo huyeyuka, shaba hujipanga kwenye kathodi, na buluu haipungui. Kiwanda cha Mufulira, Zambia, husafisha shaba kwa njia hiyohiyo.

Mwuliza swali
Nashukuru sana, walimu wangu. Basi salfeti ya sodiamu itatoa hidrojeni na oksijeni pekee?

Jibu
Naam, kwa sababu salfeti haiachii elektroni kwa urahisi, na ujazo wa hidrojeni huwa maradufu ya ule wa oksijeni. Ukipima uwiano huo, tumia platini, kwa kuwa sehemu ya oksijeni huishambulia grafiti na kuwa kaboni dioksidi.